Datsun 240Z: Spidomita inayodanganya, na kazi iliyoanzia kwenye difu

Wikendi hii nimeshughulikia spidomita. Naandika kwa kirefu kidogo kwa sababu wenzangu wengi wenye magari ya zamani hapa Nairobi huanzia mahali pasipofaa. Wanang'oa spidomita kwenye dashibodi, wanampelekea fundi, fundi anasogeza mshale, basi. Mara nyingi spidomita yenyewe haina neno. Kosa liko chini ya gari.

Gari lilinijia na matairi ya 195/60R14 (upana milimita 195, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 14). Kwa 240Z hayo ni mafupi mno. Kiwandani lilitoka na tairi la 175 la inchi 14, lenye ubavu mrefu. Kwa hayo mafupi, kila tuta la mtaani lilikuwa linakwaruza ekzosi, kwa hiyo nikafunga 195/70R14. Kipenyo kikapanda kutoka milimita 590 hadi 629, karibu kabisa na kile cha asili. Gari likasimama vizuri. Lakini nilipoingia Thika Road na simu imewashwa GPS, mshale ulikuwa chini kidogo ya 92 wakati simu inasoma 100. Kwa matairi ya mwanzo tofauti ilikuwa ndogo, kama asilimia 2 tu.

Hili si jambo dogo. Mshale ukisema 110, ambao ndio mwisho wa sheria kwenye barabara kuu, mimi niko 120. Kwenye Expressway, ambako kikomo ni 80, niko 87. Kanuni nambari 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, hairuhusu kabisa spidomita isome chini ya mwendo halisi. Kusoma juu inaruhusiwa: asilimia 10 ya mwendo halisi, jumlisha kilomita 4 kwa saa. Yaani ukiwa 100 kamili, mshale unaweza kuonyesha hadi 114 na bado uko ndani ya kanuni. Ukionyesha 99, umekosea.

Sasa, kabla ya kugusa bisibisi, tazama odomita, yaani kihesabu kilomita. Hapa ndipo siri yote ilipo. Odomita na mshale vinaendeshwa na kebo moja, lakini kwa njia mbili tofauti. Odomita ni meno kwa meno: kebo ikizunguka, namba zinasogea, hakuna cha kubahatisha. Mshale umefungwa kwenye kikombe cha alumini, na haushikani na kebo. Kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe hicho bila kukigusa. Mzunguko huo unazalisha umeme ndani ya alumini, kikombe kinavutwa kufuata sumaku, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyepata hataza ya mtambo huu mwaka 1902. Kwa hiyo kama odomita iko sawa na mshale ndio uliopotoka, tatizo ni sumaku, springi au grisi. Kama vyote viwili vimepotoka kwa kiasi kilekile, spidomita iache ilipo. Yangu: kwenye kilomita 10 za GPS, odomita ilihesabu 9.15. Mshale nao ulikuwa pungufu kwa kiasi hichohicho. Jibu likawa wazi, nikaingia chini.

Spidomita za Kijapani za enzi hizo zimepimwa hivi: kebo ikizunguka mara 637 kwa dakika, mshale usome 60. Kwa kuwa kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika, maana yake kebo lazima izunguke mara 637 katika kila kilomita. Namba hiyo ndiyo shabaha. Kinachobaki ni kufuata mzunguko kuanzia tairi hadi kebo.

Tairi kwanza. Nisingetumia hesabu ya kipenyo peke yake, kwa sababu tairi hubonyea chini ya uzito. Tulichora chaki ubavuni na sakafuni, rafiki akaketi kwenye kiti cha dereva, tukasukuma gari taratibu mpaka alama ikarudi chini. Mita 1.92. Kwa hiyo tairi linazunguka mara 521 kwa kilomita.

Kisha difu, yaani gia zinazopeleka nguvu kutoka propela (mhimili mrefu unaotoka giaboksi) hadi magurudumu ya nyuma. Nilitarajia 3.9, yaani mizunguko 3.9 ya propela kwa mmoja wa magurudumu, kwa sababu pinioni ya spidomita (gia ndogo inayozungusha kebo) niliyoikuta kwenye giaboksi ina meno 19, na hiyo inalingana na 3.9 vizuri sana. Kuhakiki hakuhitaji kufungua difu wala kumwaga oili. Weka giaboksi nyutro, zuia magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini. Kwa kuwa hilo lingine limesimama, ukizungusha lililoinuliwa mara mbili, kraunwili (gia kubwa ya ndani ya difu) inazunguka mara moja. Nilitia alama ya rangi nyeupe kwenye propela. Mizunguko miwili ya gurudumu ilitoa mitatu na nusu na kidogo ya propela, si karibu nne. Nikaendelea kuzungusha. Gurudumu lilipofika 22, propela ilifika 39, alama nyeupe juu kabisa. Thelathini na tisa kwa kumi na moja: difu ya 3.545.

Hapo kila kitu kilijieleza. Aliyekuwa nalo kabla yangu alifunga difu ndefu (3.545) lakini akaacha pinioni ya difu fupi (3.9), kisha matairi mafupi yakaziba pengo. Makosa mawili yalikuwa yanafichana. Nilipoondoa moja, la pili likatoka nje.

Hesabu yenyewe: 521 mara 3.545 ni mizunguko 1,847 ya propela. Mkiani mwa giaboksi kuna skurubu yenye nyuzi 6 inayozungusha pinioni ya plastiki. Kwa meno 19, kebo inapata 1,847 mara 6 gawa kwa 19, yaani 583. Pungufu. Kwa meno 18 inapata 616, bado iko chini. Kwa meno 17 inapata 652, ambayo ni juu ya shabaha kwa asilimia 2 na kidogo. Nimechagua 17 bila kusita, kwa sababu kosa likibaki, libaki upande wa usalama.

Pinioni niliipata Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanaita Grogan, kwenye giaboksi ya pikapu ya Nissan 720. Ni ukoo mmoja wa giaboksi. Hesabu meno papo hapo kaunta, na tia alama ya kalamu kwenye jino la kwanza usije ukarudia. Chukua pia ganda lake la chuma, kwa sababu tundu la pinioni ndogo limesogezwa kidogo ili meno yakutane na skurubu sawasawa. Muuzaji alitaka kunipa pinioni bila ganda. "Mzee, hilo la zamani litaingia tu." Kuingia litaingia, lakini litakula meno.

Nilipokuwa nimefungua, nikaitoa kebo pia. Mshale ulikuwa unatetemeka kati ya 30 na 40, na sababu ilikuwa grisi nyeusi iliyokauka. Nimeisafisha kwa petroli na kupaka grisi nyepesi sehemu ya chini tu. Theluthi ya juu nimeiacha kavu, maana grisi hupanda na kebo na ikifika kwenye kikombe cha alumini, mshale huo umekwisha.

Magari aina hii yalishinda Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na 1973, Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mambo haya ya meno hayakuwa mageni kwa watu wa mbio: kifaa cha Halda cha kupimia masafa kilikuwa na gia ndogo za kubadilisha, ili ukigeuza tairi au difu, kilomita za kwenye daftari zibaki kilomita za kweli.

Sasa hivi, kwenye kilomita 10 za GPS odomita inasoma 10.2, na nikiwa 80 mshale unasimama 82 bila kutetemeka. Kilichobaki ni difu. Ile 3.545 inatulia ukielekea Emali, lakini hapa tuko mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kupanda kutoka Mai Mahiu gari linaniomba gia ya tatu mapema mno. Naitafuta 3.9. Ile pinioni ya meno 19, pamoja na ganda lake, iko kwenye mfuko ulioandikwa 3.9, ili pinioni na difu hiyo zirudi pamoja.