Kabla sijapiga Windows upya: nigawe diski au niache C peke yake?

Laptop yangu imefika hatua ya kupigwa Windows upya, hilo halina mjadala tena. Ni ya mtumba, ilikuja na Windows 10 ambayo Microsoft walishaikatia sapoti tangu tarehe 14 Oktoba 2025, bahati nzuri prosesa yake inakubalika kwenye Windows 11 na TPM 2.0 (kile kichipu cha usalama ambacho Windows 11 inakidai) ipo, kwahiyo naruka moja kwa moja. Kinachonichelewesha ni kaswali kadogo ambako kila ninayemuuliza ananijibu kwa uhakika na kila mmoja jibu lake: nigawe diski, C ya Windows na D ya mafaili, au niache C moja tu mwanzo mpaka mwisho?

Huku kwetu D ni kama sheria. Mpelekee fundi yeyote mashine apige Windows, ukirudi kuichukua utakuta kuna D hata kama hukuiomba. Na sababu anazo, tena za maana. Fundi anajua utarudi, virusi vya flashi vitakurudisha, au utajaza maprogramu ya ajabu mpaka mashine igome, afu siku hiyo ukirudi huna eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) wala bando la kupandisha picha za harusi klaudi. Kama vitu vyako viko D anafuta C anapiga upya, D haiguswi, unaondoka na laptop yako jioni hiyohiyo. Ukiliangalia hivo fundi hajakosea kabisa.

Shida yangu mi ni ukubwa. SSD yangu (diski ya ndani, isiyozunguka) imeandikwa GB 256, ukiifungua ndani ya Windows unaona 238 (hujaibiwa, mwenye kiwanda GB moja kwake ni baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa 1024). Sasa hiyo 238 ndo uikate tena. Microsoft wanasema Windows 11 inataka diski ya kuanzia GB 64, mtu anasoma hapo anaipa C GB 80 anajiona kaiachia nafasi ya kutosha, haichukui muda C imekuwa nyekundu, kwasababu anayekula C siyo Windows peke yake. Kuna apdeti, kuna pagefile (faili la kusaidia RAM ikijaa), kuna lile faili la kulazia mashine usingizi, kuna folda ya AppData ambako Chrome na Telegram na wenzao wanalundika vitu bila kukuuliza. Huku D ina nafasi ya kumwaga na huwezi kumsaidia nayo C.

Najua mtu atasema si utaiongeza C baadaye. Jaribu uone. Disk Management (programu ya Windows ya kupanga diski) inakubali kuongeza C kama nafasi tupu imepakana nayo upande wa kulia tu, ukiipunguza D nafasi inatoka mkiani mwa D, kule mbali, na hata ukiamua kuifuta D nzima mara nyingi unakuta katikati pamekaa patisheni (kipande cha diski) ya rikavari, ile ya kukarabatia Windows, basi kile kitufe cha Extend Volume kimefifia hakibonyezeki. Hiyo rikavari yenyewe ina visa vyake, Januari 2024 ilitoka apdeti ya Windows 10 ikawa inagoma kwa watu wengi na erro 0x80070643, kumbe rikavari zao zilikuwa ndogo, wakaambiwa waziongezee MB 250 kwa mkono kwa kuandika komandi. Mtu wa kawaida unamwambia hivo ataanzia wapi?

Afu kuna imani mbili tatu ambazo D inabebeshwa bure. Ile ya kwamba ukiinstoli programu D hutaziinstoli tena ukipiga Windows, hapana, rejista (daftari la Windows la mipangilio ya programu) iko C na ikifutwa nyingi zitakusumbua au hazitafunguka kabisa, utarudia tu. Ile ya spidi ilikuwa na ukweli enzi za hard disk za kuzunguka, mwanzo wa diski uko ukingoni kwa nje na huko kunasomeka haraka, ila kwa SSD haina maana yoyote. Na kubwa kuliko zote ni hii ya kuiita D bakapu. C na D zote ziko kwenye kidude kimoja, ni kama kugawa hela mfuko wa kulia na wa kushoto wa suruali ileile afu suruali ikaibwa kambani. SSD ikifa zimekufa zote, laptop ikiibwa ndo hivo.

Kilichonimalizia ubishi kabisa lakini ni BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski isisomeke bila funguo. Kuanzia toleo la 24H2 ukipiga Windows 11 upya ukaingia na akaunti ya Microsoft, mashine nyingi zinajifunga diski zenyewe bila kukuuliza, na siyo C tu, hata D humohumo ndani. Maana yake siku ukipiga tena, ile D ambayo fundi anasema haiguswi itakudai funguo ya tarakimu 48, na kama akaunti uliyotumia fundi ndo aliitengeneza dukani kwake na paswedi kaisahau, basi tena.

Kwahiyo mi naacha C moja, mafaili nakopi kwenye eksteno kwanza. Ningekuwa na TB 1 ningegawa bila kufikiria sana, C ningeipa kama 200 hivi, na kama ningekuwa naweka Ubuntu (aina ya Linux) pembeni hapo ndo kabisa, tena /home (folda ya mafaili yako kwenye Linux) ningeitenga yenyewe kwasababu Linux ukiitenga /home inaelewana nayo kweli ukiinstoli upya.

Kwenye setapu nafuta patisheni zote za Drive 0 (ndo SSD yangu ya ndani) mpaka ibaki nafasi tupu, nabonyeza Next, yenyewe inajipangia zake zilizobaki. Eksteno naichomoa kabla, kwasababu pale hakuna C wala D, ni Drive 0 Partition 3, Drive 1 Partition 1, na saa sita usiku na usingizi zote zinafanana. Sasa hivi kinachonisumbua ni draiva ya waifai tu, setapu ya Windows 11 inadai intaneti hata kabla hujaiona desktop, na hizi za mtumba draiva mara ipo mara haipo. Ikigoma nachomeka simu kwa waya nawasha USB tethering (simu inaipa laptop intaneti kwa waya), kama kuna mtu imewahi kumkatalia hiyo aniambie kabla sijafuta kitu.