Kisado cha mahindi

Hadi Machi 2020 nilikuwa dereva wa watalii hapa Arusha, tena mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Kwenye mnada baada ya ibada, mkungu wa ndizi ukipanda bei watu walinigeukia mimi. Nilikuwa naununua, kisha naurudisha uuzwe tena. Nilijua namtolea Mungu. Leo nakiri kwamba sehemu ya sadaka ile ilikuwa ya jina langu.

Korona ikaja, safari zikafutwa, tukarudishwa nyumbani bila mshahara. Kufikia Juni akiba ilikwisha. Nikaanza kuikwepa jumuiya, kikundi chetu cha maombi cha nyumba kwa nyumba, maana zamu ya kukaribisha ilikuwa inanijia na ndani hamna sukari ya chai. Usiku niliomba kwa machozi, Mungu anirudishie kazi kabla watu hawajajua.

Jioni moja akaja mama mjane wa jumuiya yetu, muuza mchicha, na kisado cha mahindi alichofunika kwa kanga.

"Mwanangu, nimevuna kidogo."

Nikamjibu kwamba sisi hatujambo, hatuna shida. Hakubishana. Alikiweka mlangoni, akasema kisado chake atakifuata Jumamosi. Mke wangu alikuja kimya akainama, akaokota punje zilizomwagika, moja moja, mpaka ya mwisho.

Usiku ule nilifungua 1 Wafalme 17, sura niliyoifundisha mara nyingi. Eliya alilishwa na kunguru, ndege ambaye Walawi 11 inamweka kati ya machukizo. Kijito kilipokauka akatumwa kwa mjane aliyebakiwa na konzi moja ya unga. Mungu hakumwuliza angependa kulishwa na nani. Nami nilikuwa namtumaini Mungu kwa sharti: mkono utakaonipa usiwe chini ya wangu.

Jumamosi nilikirudisha kisado mwenyewe, na kwenye maombi nikasema hali yetu mbele ya wote. Sauti ilinikatika. Ndugu mmoja akanipeleka kwa fundi wake, nikabeba zege karibu mwaka mzima. Vijana niliowafundisha kipaimara waliponikuta pale, siku ya kwanza nilijificha nyuma ya ukuta. Siku ya pili niliitikia shikamoo zao na ndoo begani.

Zamu yetu ilipofika, chai ilichemshwa bila sukari. Yule mama akafungua pindo la kanga, akatoa ya kwake, imefungwa kwenye kipande cha gazeti.