Skudučiai: Kila Mpigaji na Noti Yake

Ukiingia jumba la makumbusho la ala za muziki wa asili mjini Kaunas, Lithuania, kanklės ndiyo inayovuta macho: ala ya nyuzi ya ukoo wa ganuni, iliyochongwa kwenye gogo moja. Itazame, inastahili. Ila usiipite skudučiai, vibomba vya kupuliza kutoka kaskazini mashariki ya nchi hiyo, pande za Biržai na Kupiškis. Kwetu sisi, hapo ndipo penye akili nyingi zaidi.

Kila kibomba kiko wazi juu na kimezibwa chini. Havifungwi pamoja, mpigaji hushika kimoja au viwili tu. Huchongwa kwa mti wa uosis (kwa Kiingereza ash), au hukatwa kwenye mashina yenye uwazi ya mimea ya jamii ya karoti. Shina hukatwa chini kidogo ya kifundo, ili kifundo chenyewe kiwe kitako. Kifundo kikipasuka hewa huvuja, na badala ya noti unasikia mvumo mtupu. Shina bichi nalo hujikunja na kupasuka likikauka, kwa hiyo likaushwe kivulini kabla ya kutafuta sauti.

Bomba lililozibwa huimba oktava moja chini ya lililo wazi la urefu uleule. Ndiyo maana sentimeta 19 hivi zinatosha kutoa noti ya la (A) ya hezi 440. Kupanda toni moja, safu ya hewa ipungue takriban sentimeta 2. Kata refu kuliko unavyohitaji! Sauti ikiwa chini, matone ya maji au nta kidogo kitakoni huipandisha. Kibomba chenye kifundo kikishakatwa kifupi mno, hakirefuki tena.

Noti za jirani huachana kwa takriban toni moja, na zikipigwa pamoja hugongana. Mgongano huo si kosa, unatafutwa. Ndio uti wa mgongo wa sutartinės, nyimbo za sauti nyingi zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2010. Wanawake ndio walioziimba zaidi, wanaume wakazipiga kwa vibomba.

Hakuna anayeshika wimbo mzima. Kila mmoja ana mdundo wake mfupi anaourudia bila kuuacha, na wimbo huzaliwa katikati yao. Wanaoanza hukosea palepale: sikio humfuata jirani, pumzi ikalifuata sikio, na ghafla watu wawili wanapuliza mdundo mmoja huku nafasi ya mwingine ikibaki kimya.