Hesabu mbavu kwanza

Kinachonikera jioni hii ni mioyo "iliyotanuka" ambayo haijatanuka. Picha ya eksirei ya kifua inatoka, moyo unazidi nusu ya upana wa kifua, na majibu yanaandikwa hivyohivyo. Mbavu hazikuhesabiwa.

Mgonjwa mzima akivuta pumzi vizuri, mbavu 9 au 10 za nyuma huonekana juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Zikiwa 7, kiwambo kimepanda, moyo umelala ukaonekana mpana, na sehemu za chini za mapafu zimebanana hadi zikafanana na nimonia. Ndiyo maana "vuta pumzi, ishike hapohapo" ifanyiwe jaribio kabla ya kubonyeza kitufe, hasa kwa bibi mwenye kikohozi.

Halafu mitulinga. Ncha zake za ndani zilingane kwa umbali kutoka katikati ya uti wa mgongo. Zisipolingana, mgonjwa alijipinda, na pafu moja litaonekana jeusi zaidi bila ugonjwa wowote.

Mkao wenyewe si mgumu: kifua kiguse sahani inayopokea picha, kidevu juu, mabega mbele ili makombe ya bega yaondoke kwenye mapafu, mionzi iingilie mgongoni kutoka sm 180. Mgonjwa wa kitandani hupigwa picha mionzi ikiingilia mbele, tena kwa karibu. Moyo uko mbali na sahani, basi kivuli chake kinakua kama cha mkono uliosogezwa kwenye kibatari. Picha hiyo isitumike kupima moyo, basi.

Maji nje ya pafu yana hila zake. Mgonjwa akisimama, kona kati ya mbavu na kiwambo hufutika yakifika kama ml 200. Picha ya ubavuni huonyesha hata ml 50. Akilala chali, yanatandaa nyuma ya pafu, unaona ukungu tu. Hapo mimi naenda kwenye ultrasaundi: mgonjwa akae, kifaa kiwekwe mgongoni juu ya kiwambo, maji yatoke meusi. Ukiona nyuzinyuzi ndani yake, usitegemee kuyamaliza kwa sindano moja.

Maji ya upande mmoja huku kwetu, fikiria kifua kikuu mapema. Na mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana anaweza kuwa nacho picha ikiwa safi kabisa. Makohozi yake yaende maabara vilevile. Asipoweza kuyatoa, kuna kipimo cha mkojo cha LAM, kinachotafuta chembe za bakteria wa kifua kikuu.