Jinsi nilivyozuia shaba isiserereke kwenye lori

Napakia mabamba ya shaba Lubumbashi, Kongo, kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Siku moja mbuzi walikatiza barabara. Nikakanyaga breki, na fungu la tani 2 likaserereka mpaka karibu na kabini. Mikanda haikukatika, ililegea tu. Niliogopa sana.

Shida ilikuwa chini: shaba juu ya sakafu ya chuma huteleza, tena ikiwa na vumbi. Kanuni za Ulaya hutaka ufungaji uhimili msukumo wa mbele wa asilimia 80 ya uzito wa mzigo. Mikanda miwili ingeweza wapi!

Sasa nafagia, natandika mpira mgumu chini ya kila fungu, naziba pengo la mbele kwa magogo, ndipo nakaza minyororo. Baada ya kilomita chache nasimama kukaza tena, hata tajiri mwenye lori akipiga simu. Mafungu hayajasogea tena.