Recd, yr, ult.: kusoma Kiingereza kilichokatwakatwa

Anayetafiti historia ya Ugogo hawezi kuzikwepa barua za wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha kimisionari cha Kianglikana cha Uingereza) waliofika Mpwapwa miaka ya 1870. Kumbukumbu za chama hicho zinatunzwa Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa hiyo huku Dodoma mtu husoma picha zake kwenye kompyuta. Kiingereza chenyewe si kigumu. Kinachokwamisha ni vifupisho.

Anza na herufi ndogo zilizopandishwa juu ya mstari. Mara nyingi hizo ndizo herufi za mwisho za neno, na kilichomezwa ni katikati. "Rec" yenye d ndogo juu ni "received". Vivyo hivyo "wd" ni "would", "shd" ni "should", "yr" ni "your", "Govt" ni "Government". Majina ya watu nayo hukatwa: "Wm" ni William, "Chas" ni Charles, na "Jno" ni John, wala si Jonathan. "Xtian" ni Mkristo. X hiyo ni herufi ya kwanza ya jina Kristo kwa Kigiriki, si msalaba uliolala.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo utafiti unapoharibika. "Inst." ni mwezi uleule wa barua, "ult." ni mwezi uliotangulia, "prox." ni mwezi unaofuata. Tuseme barua imeandikwa tarehe 5 Machi na ndani inasema "yours of the 28th ult." Hiyo ni Februari 28. Mnakili mwenye haraka huona Machi juu ya ukurasa, anajaza Machi 28, na tayari barua imejibiwa kabla haijaandikwa. Ikiwa barua ni ya Januari, "ult." inakurudisha Desemba, yaani mwaka nao unabadilika. Tarehe ikigoma kukaa sawa kwenye mfuatano wako, kagua hapo kabla ya kumlaumu mwandishi.

Ukirudi karne za nyuma zaidi utakutana na "ye" na "yt". Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi þ, yenye sauti ya th. Katika mwandiko wa mkono ilikuja kufanana na y, na wachapaji wakaamua kutumia y. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina "ye" ya namna hiyo kwenye Ayubu 1:9, ikiwa na e ndogo juu, na husomwa "the". "Yt" ni "that", nayo imo 2 Wakorintho 13:7. Tatizo ni kwamba Biblia hiyohiyo imejaa "ye" nyingine yenye maana ya ninyi. Wengi hufundishwa kwamba ikifuatiwa na nomino basi ni "the". Kanuni hiyo inasaidia, ila Matendo 1:11 inaiangusha: "Ye men of Galilee" ni ninyi watu wa Galilaya. Mwamuzi wa kweli ni ile e iliyopanda juu, kwa hiyo tazama picha ya ukurasa, si maandishi yaliyochapwa upya.

Ritifaa, yaani alama ya ('), nayo ina vituko vyake. "'Tis" ni "it is", "tho'" ni "though", "walk'd" ni "walked" tu, isichanganywe na 'd ya leo ya "had" au "would". "It's" katika maandishi ya karne ya 18 inaweza kuwa ya umiliki, jambo ambalo leo mwalimu angelizungushia wino mwekundu. Mwandishi Jonathan Swift alilalamikia mtindo wa kukatakata maneno mwaka 1710, lakini hakuna aliyemsikiliza. Na ukiona "M'tesa", kabaka wa Buganda, usitafute herufi iliyodondoka: Wazungu waliweka ritifaa kwa sababu M mbele ya konsonanti iliwashinda.

Kwenye mafaili ya wilaya ya enzi ya Mwingereza, "5/-" ni shilingi 5 kamili na "3/50" ni shilingi 3 na senti 50, si peni. Ile "/=" tunayoandika mpaka leo kwenye risiti ni ya ukoo huohuo.

Unaponakili, zima kwanza masahihisho ya otomatiki. Andika neno kama lilivyo, kisha herufi unazoongeza ziweke kwenye mabano ya mraba: rec[eive]d, y[ou]r. Usipokuwa na hakika, weka alama ya kuuliza ndani ya mabano hayohayo. Usinyooshe tahajia kimyakimya. Atakayekufuata hatajua kipi cha mwandishi na kipi chako.

Kutafuta neno ndani ya nakala za kidijitali kunataka ujanja. Ukiandika "received" peke yake, kila "recd" itakupita. Tafuta "recd", "rec'd" na "reced" pia. Kwa vitabu vilivyochapwa kabla ya 1800 hivi, jaribu f mahali pa s, kwa kuwa kompyuta huisoma s ndefu ya zamani kama f: "such" utaipata chini ya "fuch".