Bekapu ni yangu, faili la watu wote ni jingine

Wiki hii nimekaa kupanga upya bekapu, yaani nakala za akiba, za databesi yangu ya majina ya samaki, ile ninayokusanyia majina kwa wavuvi kuanzia Kilwa, Tanga mpaka Lamu, maana samaki huyohuyo ukihama pwani unamkuta ana jina jingine, na wazee wanaoyajua wanapungua. Kazi ya miaka mitatu iko kwenye seva moja, nikilala naiwaza.

Zamani nlikuwa na skripti moja tu, pg_dump, ile programu ya kutoa databesi nzima kwenye faili, saa nane usiku, basi. Na faili hilohilo ndo nilitaka nimpe mwanafunzi mmoja aliyeomba data. Bahati nikalifungua kwanza, nikakuta humo namba za simu za wavuvi wote, na za watoto wao waliowasaidia kuandika! Moyo ulinipiga paa. Wale watu walinipa namba ili niwaulize tena, sio zizagae mtandaoni.

Kwa hiyo sasa ni vitu viwili kabisa. Faili la watu wote ni CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, linatoka kila tarehe mosi, na skripti yake haibebi yote halafu ikafuta ya siri, hapana, inabeba zile kolamu tu nilizozitaja kwa jina, kesho nikiongeza kolamu mpya haitoki mpaka niitaje. Mahali naandika wilaya, kijiji naacha, sababu kijiji kidogo chenye mzee mmoja tu anayelijua jina fulani, ukikitaja umeshamtaja yeye. OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, wanatoa faili la dunia nzima kila wiki, ndo maana kazi ya vijana wa Ramani Huria walioanza kuchora maeneo ya mafuriko hapa Dar 2015 mtu yeyote anaweza kuishusha akawa nayo. Nataka na haya majina yawe hivyo, hata siku mi sipo.

Bekapu yenyewe inabeba kila kitu, inafungwa kwa nywila, nakala moja inaenda seva ya kampuni nyingine na moja iko kwenye diski kwa dada yangu. Ila nakala bila kuijaribu siiamini tena. Januari 31, 2017 fundi wa GitLab, tovuti ya kuhifadhia kazi za waandishi wa programu, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili, wakakimbilia bekapu, kumbe pg_dump ilikuwa inafeli kimyakimya, toleo la zamani la 9.2 kwenye databesi ya 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama masaa 6 kabla!

Basi Jumamosi nikairudisha yangu kwenye laptop tupu. Mistari imetimia, majina yapo, nikafurahi, nikafungua ukurasa wa samaki changu… picha hamna. Picha zote ziko kwenye folda nje ya databesi, pg_dump haijawahi kuzigusa hata siku moja. Nimeongeza rsync, programu ya kunakili mafolda, usiku uleule, Jumamosi hii narudia jaribio lote toka mwanzo.